Mlango Usio na Komeo la Ndani

Fundi Cheche alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliicheka. Kila mlango wa chuma aliouchomelea, kabla hajamkabidhi mteja, aliutundika kwenye uwazi wa stoo iliyokuwa nyuma ya karakana yake, akaingia ndani, akajifungia. Stoo ile haikuwahi kuwa na mlango wake yenyewe. Ilivaa ya wateja, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto wa mwisho anayevaa nguo za kaka zake. Mle gizani fundi alipapasa komeo la ndani, akalisukuma, akalivuta, kisha akaweka kiganja juu yake na kuomba maneno yaleyale ya siku zote: "Bwana, mwenye nyumba ni wewe. Atakayelala nyuma ya mlango huu na alale chini ya mkono wako." Ndipo alipotoka akijifuta jasho, na mteja akaruhusiwa kubeba mali yake.

"Fundi, ipo siku utajifungia usijue pa kutokea," kinyozi wa ng'ambo ya barabara alizoea kumtania, mkasi ukiwa hewani.

"Wewe utanisemea," Cheche alimjibu. "Mdomo wako haujui kulala."

Mdomo huohuo ndio uliomponza kinyozi. Siku moja, akimnyoa mtu, alisema kwamba maji ya bomba ni ya watu wote, Mkuu hakuyashusha yeye kutoka mbinguni. Kesho yake kiti chake kilikuwa palepale nje, kitambaa cheupe kimeanikwa juu yake, na mwenyewe hayupo. Hakuna aliyeuliza. Huyo Mkuu hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alikuwa na ukuta mrefu, na vijana waliojua kila mtu analala wapi, basi. Zamani watu waliwaonya watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hizi walionyana wenyewe kwa wenyewe, watu wazima na ndevu zao, tena kwa sauti ya chini.

Haikupita wiki, mtu wa Mkuu akaingia karakana. Walimwita Mpole, na hawakuwa wakimkejeli. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, na shati lake lilipigwa pasi hata siku za matope.

"Habari za kazi, fundi? Nataka mlango wa stoo. Bati nene, makomeo mawili."

"Moja ndani, moja nje?"

"Yote nje. Ndani uwe laini kabisa, pasiwe na hata pa kushika. Na chini uniwekee kidirisha, kiasi cha kupita sahani."

Cheche alikohoa. Mzaha ukamtoka kabla hajaushika. "Stoo gani hiyo inayokula?"

Mpole alicheka kwa adabu, akamshika bega. "Fundi, wewe choma chuma."

Akachoma. Nisimpake mafuta mtu wa watu: aliogopa. Alijiambia kwamba auzaye kisu si yeye achinjaye. Alijiambia kwamba akikataa, mlango utatengenezwa na mwingine, na yeye atakuwa ameipoteza shingo yake bure. Maneno hayo yana ladha nzuri mdomoni. Tatizo huanza yakifika tumboni. Kila alipoinua kofia ya kuchomea aliona kile kiti cha ng'ambo, na kila alipokiona aliishusha tena. Hata kanisani Jumapili aliimba kwa nguvu kuliko kawaida, mtu akadhani amebarikiwa.

Mlango ulipokamilika ilikuwa mchana wa jua kali. Mkewe alikuja na chupa ya chai kama kawaida yake. Mama huyu ndiye aliyekuwa akimsaidia kulainisha maungio kwa grenda, na macho yake yalikuwa yamezoea kazi. Aliuzunguka mlango ule, akauinamia, akapitisha mkono upande wa ndani.

"Komeo la huku liko wapi?"

"Mteja hakulitaka."

Mkewe alitazama kile kidirisha cha chini kwa muda. Hakugombana naye. Laiti angegombana, Cheche angepata pa kushikia.

"Sasa utaujaribu vipi?" aliuliza tu.

Fundi hakuwahi kutoa mlango bila kuujaribu, na akitoa huu bila kuujaribu, itakuwa amekubali mwenyewe kwamba anajua ni wa nini. Kwa hiyo waliuinua wote wawili, wakautundika kwenye uwazi wa stoo, naye akaingia.

"Funga," alisema.

Makomeo yalilia, moja juu, moja chini. Giza likawa giza. Cheche alinyoosha mkono pale unapokwenda siku zote, ukakuta chuma kitupu. Akapapasa juu, akapapasa chini, ingawa alijua hakuna kitu, maana yeye ndiye aliyekilainisha. Akaanza kuomba. "Bwana, mwenye nyumba ni wewe. Atakayelala nyuma ya mlango huu..." Hapo ulimi ukakwama. Alimwona kinyozi, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta, akiinamia sahani. Akaelewa kwamba miaka yote alikuwa akimwambia Mungu mwenye nyumba ni wewe, kumbe siku mwenye nyumba mwingine alipobisha hodi, alimfungulia bila hata kuuliza. Huyu wa pili anaonekana, ana ukuta na vijana. Yule wa kwanza haonekani. Tofauti ilikuwa hiyo tu, na kwa hiyo tu alikuwa amemhama. Cheche aliona aibu, akalia kimya kimya, kisha akasema polepole, kama anayerudisha kitu alichoazima, "Karakana ni yako. Mikono ni yako. Na shingo pia, kama ukiitaka."

Nje gari lilisimama. Viatu vikaingia.

"Shemeji, mlango umekwisha?" Ilikuwa sauti ya Mpole.

"Fundi yuko ndani, anaujaribu," mkewe alijibu.

Mpole aliyapiga makomeo kwa kidole, akafungua kidirisha, akakifunga. "Kazi nzuri. Toka basi, fundi, tuupakie."

"Mlango huu hautoki hapa," Cheche alisema.

Viatu vikasogea. Sauti ya Mpole iliporudi ilikuwa karibu sana, midomo kwenye chuma. "Fundi, wewe uko ndani, mimi niko nje, na makomeo yote yako upande wangu. Unajua unalolisema?"

"Najua. Na nakuogopa, usidhani sikuogopi. Lakini wewe na Mkuu hamkuniumba."

Mpole hakukasirika. Kilisikika kitu kikijifunga mara moja, taratibu. "Nimekuwekea kufuli yangu," alisema. "Naenda kumwuliza Mkuu, nitarudi na vijana. Shemeji, akisikia njaa, kidirisha hicho hapo." Kisha viatu vikaondoka na gari likaondoka.

Mkewe alipiga magoti kwenye kidirisha. Mkono wake ukaingia, ukatafuta, ukaupata wa mumewe.

"Nikate kufuli?" aliuliza. "Tukimbilie kwa dada yangu."

"Kufuli iache. Kata mlango."

"Baba, wakikuta mlango umekatwa hawatauliza mara mbili."

"Kufuli si yangu. Mlango ndio dhambi yangu. Ukate vipande, asilale mtu nyuma yake." Akauachia mkono wake. "Na wewe nenda kwa dada yako ukimaliza."

Mkewe aliwasha grenda. Cheche alijibana ukutani huku cheche zikimwagika ndani, zikimchoma mikono, na mwanga ukaingia kwa mstari mwembamba uliozidi kurefuka. Alitoka kupitia kwenye bati, si kupitia mlangoni. Halafu alichukua grenda mkononi mwa mkewe, akamaliza kazi mwenyewe, mpaka pasibaki kipande cha kutosha hata kuzibia banda la kuku.

Kile kipande chenye kufuli alikiweka juu ya meza karibu na mlango wa mbele, kufuli ikiwa bado imefungwa, nzima, haina mkwaruzo. Mali ya watu ilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Kisha alifungua milango yote miwili ya karakana, akatoa benchi nje, akaketi akitazamana na kiti cha kinyozi. Mikono akaiweka magotini.

Mkewe alitoka na chupa ya chai na vikombe viwili.

"Nilikwambia uende."

"Nimesikia," alisema, akaketi.

Alikuwa bado anamimina chai gari lilipokata kona na kuingia mtaani, na nyuma yake jingine. Majirani walianza kufunga madirisha, moja moja. Cheche alipokea kikombe, akausogeza mguu wake kidogo ili mkewe akae vizuri, na milango nyuma yao wakaiacha wazi.