Kikombe cha Wifi

Fundi cherehani mmoja alikuwa na watoto watatu na kijicho kimoja: wifi yake wa mlango wa pili. Kila alasiri, yeye akishona huku jasho likimtoka, wifi aliketi kizingitini na kikombe cha chai, ametulia tuli, utadhani si mama wa wanne. Roho ilimuuma kweli.

Leo uzalendo ukamshinda. "Wifi, hiyo chai huwa haiishi?"

"Kikombe kitupu hiki, wifi. Nikikishika, wanangu wananiacha kidogo. Mwenye raha ni wewe. Cherehani ikilia, hakuna mtoto anayethubutu kukuita."

Fundi akarudi ndani. Watoto wakaanza, "Mama, mama." Akaketi, akaikanyaga cherehani mbio mbio, bila uzi wala kitambaa. Wakanyamaza.