Sauti ya Kigagauzi

Ile sauti ya kurekodiwa iliingia kwenye simu ya Varvara asubuhi moja ya Agosti, yuko jikoni anatia chumvi jibini la kondoo. Aliyeituma ni Anfisa, jirani yake. Mwanamke fulani alikuwa akilia kwa Kigagauzi, lugha ya kabila lao dogo la kusini mwa Moldova, tena kile chenyewe cha vijijini cha kuvuta maneno: "Akina mama, ficheni vijana wenu. Nafanya kazi wilayani, nimeona kwa macho yangu. Mavuno yakiisha, Moldova inaingia vita vya Ukraine, na wa kwanza kupelekwa ni watoto wetu sisi Wagagauzi."

Varvara akakaa kitako. Mume alishafariki, na Lazar ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye duniani.

Msimcheke. Varvara hakuwa mjinga. Habari za serikali zilimjia kwa Kiromania, asichokijua vizuri. Televisheni ya Kirusi aliisikiliza huku akipunguza nusu ya yote iliyoyasema. Lakini Kigagauzi ni lugha ya jikoni, ya watu wachache wanaojuana. Nani angejisumbua kutunga uongo kwa lugha hiyo? Likisemwa kwa Kigagauzi, limesemwa na jirani. Ndivyo kijiji kizima kilivyofikiri, na laana imshukie yule aliyelijua hilo akalitumia.

Zina, mchumba wa Lazar, alikuja mbio jioni hiyo hiyo.

"Mama, huyo mwanamke hayupo. Nimepiga simu wilayani. Wamekanusha, na kwenye redio wamekanusha."

"Wamekanusha kwa lugha gani?"

"Kiromania."

"Sasa wewe ulitaka wakiri?"

"Mama, harusi ni Oktoba."

"Utafunga ndoa na picha yake, au vipi? Mwache kwanza awe hai."

Lazar mwenyewe alikuwa akicheka tu. "Bunduki nitaishika kwa mkono gani, mama? Yote miwili ina zabibu." Lakini mama akaacha kula, akaacha kulala, kutwa kucha anairudia ile sauti mpaka hata kuku wa uani wangeweza kuisema kwa moyo. Kijana akachoka kumtazama. Akakubali kuondoka, ili mama apate usingizi.

Na aende wapi? Alikoenda kila kijana wa kule akibanwa na maisha: Urusi, kwenye ujenzi; vita ilikuwa yao, lakini wakati huo waliopigana walikuwa askari wa mshahara tu. Mjomba Koli alikuwa huko. Lazar mwenyewe alizaliwa huko, miaka ile wazazi wake walipokuwa wakipiga lipu majumba ya watu, na pasipoti ya Kirusi alikuwa nayo. Varvara alimfungashia jibini na mvinyo, akamsindikiza hadi kwenye gari la uwanja wa ndege. Aliporudi alilala fofofo. Zina hakuja kuaga.

Septemba ikafika, na waliotangaza kuchukua wanaume wakawa Warusi wenyewe. Askari waliingia kwenye bweni la wajenzi alfajiri, wakauliza pasipoti. Ya Lazar ilikuwa yao, wakaondoka naye.

Jamani, Varvara alihangaika. Wilayani kijana wa mapokezi alimjibu kwa upole, tena kwa Kigagauzi, kwamba akiwa kule ni raia wao, mama, hatuna mkono unaofika. Kwa Anfisa, jirani alianza kujitetea kabla hajaulizwa. "Na mimi nilitumiwa tu, Varvara. Nikakutumia kwa sababu nakupenda." Angemfanya nini? Mtu ambaye angemkaba koo hakuwa na jina wala sura, alikuwa sauti tu.

Jumapili moja ya mavuno simu ikalia, namba ngeni.

"Mama, nimeazima simu, siwezi kukaa. Kesho wanatutoa kambini, wanatupeleka mstari wa mbele, vitani."

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, niambie kitu. Huko kwetu wameshachukua wangapi?"

Nje ya dirisha vijana wa rika la Lazar walikuwa wakishusha makreti ya zabibu kwa Anfisa, wote, hakuna aliyepungua, wanataniana nani kashaonja mvinyo kabla kazi haijaisha. Varvara akafunga dirisha wasisikike.

"Wengi, mwanangu," alisema. "Wamewachukua wengi sana."

"Nilijua," Lazar akasema, na sauti yake ikatulia. "Basi ulifanya vizuri, mama."