Choo cha Wageni

Kijijini kwao walimwita Kauli, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi cherehani. Ukimpelekea suruali ya kukatwa pindo, ulirudishiwa suruali na hotuba juu yake. Kwa hiyo shirika moja la wafadhili lilipoleta habari kwamba liko tayari kugharamia maji ya bomba kutoka kwenye chemchemi ya mlimani, na likataka iundwe kamati ya maji na usafi, watu hawakuumiza vichwa kutafuta mwenyekiti. Nani mwingine angeweza kusema na wafadhili bila kumeza mate?

Wafadhili walikuwa na sharti. Tangi wangelijenga kwanza, lakini fedha za mabomba ya kushusha maji mpaka kijijini zingetoka pale tu kila nyumba itakapokuwa na choo, na choo chenyewe kiwe kinatumika. Walisema kuleta maji safi mahali ambapo watu bado wanakwenda vichakani ni sawa na kumwogesha mtoto ukamrudisha matopeni. Angekuja mkaguzi kuhakikisha.

Kauli alilivalia njuga jambo hilo. Alipita nyumba kwa nyumba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akihimiza, akitania, na pale utani ulipogonga mwamba, akitisha. Kisha, ili awe mfano, akajenga choo chake mbele ya nyumba, kando ya njia, mahali ambapo kila mpita njia angekiona. Kuta za matofali zilipakwa chokaa, sakafu ya saruji ilisuguliwa ikateleza kama sahani, na mlango wa bati ukapakwa rangi ya buluu. Nje aliweka kibuyu chirizi, kile kidumu cha maji kinachoinama ukikanyaga kijiti, mtu akanawa bila kukigusa.

Watu walikuja kukitazama kama wanaotazama bibi harusi. Na kadiri walivyokisifu ndivyo Kauli alivyoingiwa na hofu ya kukichafua. Siku moja akarudi kutoka sokoni na kufuli.

"Wageni wakishakiona," alimwambia mkewe, "tutakitumia mpaka kizeeke."

Mkewe alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa Kauli, na Kauli mwenyewe alishinda sokoni kwenye cherehani yake. Nyumbani waliendelea na kishimo cha zamani nyuma ya banda la kuku, na mvua ziliposhuka kishimo kikabomoka, kila mmoja akajua pa kwenda, vichakani au kwa jirani. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga walisema, lakini mfinyanzi huyu aliwalisha gaeni mkewe, watoto wake, na mama yake mzazi, mzee wa kutembelea fimbo.

Jirani yao wa karibu alikuwa mjane aliyeitwa Mama Pacha. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Kauli tangu ujanani, na kwa sababu hiyo walikuwa wakiitana shemeji. Choo cha Mama Pacha kilikuwa cha fito na nyasi, mlango wake magunia yaliyoshonwa pamoja. Katika mkutano mmoja wa kijiji, Kauli akiwa amenogewa na sauti yake mwenyewe, aliuliza mbele ya watu kama kile ni choo au kiota cha kunguru. Watu walivunjika mbavu. Mama Pacha naye alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni.

Siku chache kabla ya mkaguzi kufika, mama yake Kauli alishikwa na tumbo. Ilikuwa mchana, mkwewe yuko shambani. Mzee alijikongoja mpaka kwenye mlango wa buluu, akausukuma, akaukuta na kufuli lake. Akageuka kuelekea kwa Mama Pacha, lakini tumbo halikungoja. Mama Pacha ndiye aliyemkuta amesimama njiani, ameshika fimbo kwa mikono miwili, hataki kusogea mbele wala kurudi nyuma. Alimwingiza kwake, akamwosha, akamvisha kanga yake, akamrudisha nyumbani akizungumza naye habari za mahindi kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni mkewe Kauli alimpa habari hiyo kwa sauti ndogo, bila kumtazama. "Mama yako leo amechafuka njiani. Ametoka mlangoni kwako."

 Kauli alikwenda chumbani kwa mama yake kumpa pole. Mzee alikuwa amelala ameelekea ukutani, akaitikia pole hiyo bila kugeuka. Kauli alisimama pale, mkono mfukoni, vidole vikiugusa ufunguo. Akajiambia kwamba zimebaki siku chache tu. Akatoka na ufunguo wake.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye viatu vya mpira. Tofauti na wageni wote waliowahi kufika, hakutazama kuta. Alitazama chini. Choo kinachotumika, aliwaeleza wanakamati, kina njia iliyokanyagwa, kina majivu ya kumwagia shimoni, na matope chini ya kidumu cha kunawia. Kwa Mama Pacha aliyakuta yote hayo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kauli alikohoa akatazama pembeni.

Kwake alifungua kufuli kwa madaha, akasukuma mlango, akasogea ili mwanga uingie. Mkaguzi alichungulia, halafu akarudi nyuma akatazama majani yaliyokuwa yameota mabichi mpaka kizingitini. Akauliza nani anakitumia choo hiki.

Kauli alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakikutoka kitu.

"Mimi hapa," alisema mama yake.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani. Wote wakageuka.

"Mwanangu alinijengea mimi," mzee aliendelea. "Zamani nilikuwa nateseka, mwanangu mkaguzi, wewe acha tu. Siku hizi nastarehe. Mungu ampe umri."

Huyu ndiye aliyemchapa Kauli utotoni kwa kudanganya habari ya kijiko cha sukari, akamwambia kwamba mtu mwongo hata akifa watu hupitia kwanza kuthibitisha. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kumsikia akisema uongo. Sasa aliusema huku amemkazia macho mgeni, mikono imetulia mapajani, na Kauli akatamani ardhi ipasuke immeze pamoja na choo chake. Mkaguzi alimtazama mzee, akatazama majani, akamtazama mzee tena. Kisha akasema asante mama, akaomba ruhusa ya kumpiga picha.

Kijiji kilipita ukaguzi.

Wageni walipoondoka, Kauli alipiga magoti mkekani akamwekea mama yake ufunguo kiganjani. Mzee aliutazama, akamrudishia.

"Hicho ni cha wageni," alisema. "Mimi si mgeni hapa."

Akainuka na fimbo yake, polepole, akaelekea kwa Mama Pacha.

Fedha zikatoka. Kijiji kizima kilichimba mitaro, wanaume kwa wanawake, na Kauli alichimba kuliko wote, akiwahi kufika na akichelewa kuondoka, wala hatoi hotuba. Watu walidhani ni unyenyekevu wakazidi kumsifu, na kila sifa ilimchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo. Kufuli alilitoa. Mkewe na watoto wakaanza kutumia kile choo. Mama yake, hata siku moja. Kila asubuhi Kauli alimwona akipita mbele ya mlango wa buluu bila kuutazama, akishika njia ya kwa jirani.

Siku ya kufungua bomba, mkuu wa shirika alikuja na wafadhili wenyewe. Walikuwa na mpango mwingine mkubwa zaidi, vyoo vya shule na mabomba kwa vijiji vya upande wa pili wa mlima, na walitaka kuona fedha yao imefanya nini. Kwenye uwanja vilipangwa viti na turubai. Na juu ya jukwaa, Kauli alipofika, alikuta bango kubwa lenye picha ya mama yake akiwa mkekani, na chini yake maneno: Mwanangu alinijengea mimi.

Maji yalifunguliwa, watu wakashangilia, ndoo zikapangwa. Halafu mshereheshaji akatangaza kwamba mama huyo wanayemwona kwenye picha yuko hapa hapa, na angeombwa aje awasimulie wageni kwa kinywa chake jinsi choo kilivyobadilisha maisha yake. Makofi yakapigwa.

Mzee aliinuka. Kauli, aliyekaa safu ya mbele na wakubwa, alimwona akija kwa fimbo, kanga imefungwa vizuri, midomo inacheza kama ya mtoto anayerudia somo asilolipenda. Uongo ule mmoja, aliousema kumsitiri mwanawe, sasa ulikuwa unadaiwa tena, mbele ya kijiji kizima kilichojua kila asubuhi anakwenda wapi. Kauli hakungoja afike. Aliruka akakishika kipaza sauti.

"Msimuulize mama," alisema. "Choo niliwajengea ninyi wageni. Nilikitia kufuli. Mama yangu aliugua akanyimwa mlango, akaenda kusitiriwa kwa jirani, kwenye kile choo nilichokiita kiota. Siku ya ukaguzi alisema uongo ili nisiaibike. Aibu ni yangu. Msimpe yeye."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakikatiza kicheko. Mkuu wa shirika aliinama akamnong'oneza mtu. Mkaguzi hakuinua macho, maana majani yale aliyaona siku ile, akayaruka kwa kumwonea mzee huruma. Kwenye bomba maji yaliendelea kumwagika, ndoo imejaa na kufurika, hakuna aliyekumbuka kuiondoa.

Kauli alidhani angejisikia mwepesi. Aligeuka amtafute mama yake, akamwona anaondoka kati ya viti, watu wakimpisha.

Alimkuta nyumbani, kwenye mkeka.

"Kosa ulilifanya peke yako," mama yake alisema. "Kulitubu, umenitia na mimi. Wajukuu zangu walikuwa pale. Leo wamesikia kwa kipaza sauti kwamba bibi yao ni mwongo."

"Nilitaka kukuondolea mzigo, mama."

"Ungenijia hapa mkekani kwanza, ukanipa ruhusa ya kukataa. Miguu ya kupanda jukwaani unayo. Ya kuja hapa huna?"



Wafadhili hawakuondoa mkono, lakini walisema mpango wa vyoo vya shule usubiri, nyumba zote zikaguliwe upya. Watu walimnunia Kauli, baadhi kwa lile kufuli, wengi kwa ule ukweli. Kuna waliosema wazi kwamba mwenye akili angenyamaza mpaka shule ipate vyoo. Sokoni cherehani yake ilikaa kimya, nguo zikapelekwa kwa fundi mwingine. Aliacha uenyekiti kabla hajaambiwa, na kijiji kikamchagua Mama Pacha.

Alimwendea shemeji yake huyo kumkabidhi kazi za kamati, na pia kumwomba radhi. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa mengi na mazuri, lakini alipofika yakamwisha. Alisema tu kwamba amekosa, kuhusu kiota na kuhusu mengine. Mama Pacha alikuwa akichambua maharage. Alimsikiliza, akaweka ungo chini.

"Shemeji, umewahi kujiuliza kwa nini mama yako anakuja kwangu mpaka leo, na kwako kumefunguliwa?"

"Ana hasira na mimi."

"Hasira anayo. Lakini hasira haimtembezi mtu mzima njia yote hii kila siku. Njoo uone."

Akamfunulia pazia la magunia. Ndani, kando ya tundu, ulikuwa umechimbiwa mti mnene wa kufika kiunoni, umesuguka ukang'aa kwa kushikwa.

"Magoti yake yalikwisha zamani," Mama Pacha alisema. "Akichutama bila kitu cha kushika, hainuki. Mti huu nilimchimbia mwaka jana, kile kishimo chenu kilipobomoka. Kwako kuna saruji inayoteleza na ukuta mtupu. Angeshika nini, chokaa?"

Kauli aliushika ule mti. Alikuwa amewapima watu maisha yake yote, mabega, viuno, urefu wa mguu. Gauni la mama yake alilishona mwenyewe kila mwaka, na alijua lilivyopungua upana. Magoti hakuwahi kuyauliza. Alisimama mle chooni kwa jirani, uso wake kwenye nyasi za ukuta, na Mama Pacha akaliachia pazia lishuke, akarudi kwenye maharage yake.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alitafuta mti mgumu, akauchonga, akaupiga msasa kwa kipande cha chupa mpaka hakuna kibanzi. Akaitindua sakafu yake iliyosifiwa, akauchimbia mti pembeni ya tundu, akamimina saruji mpya na kuikwaruza kwa ufagio ili isiteleze. Haikupendeza tena. Ilikuwa na kiraka kama suruali ya shule. Saruji ilipokauka alikwenda mkekani, akakaa chini, akamwambia mama yake alichofanya, akamwomba aje akione, na akiona hakimfai, asiingie.

Mzee aliivuta fimbo yake. Kisha akainuka. Hakuukubali mkono aliompa. Alipita kizingiti, akaegemeza fimbo ukutani, akaushika mti kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu, kama mnunuzi anayeshuku meza mbovu. Haukuyumba. Akautikisa tena.

"Mfupi kidogo," alisema.

"Nitauongeza, mama."

"Hapana. Utafaa." Akamtazama mwanawe, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na saruji kwenye nyusi. "Sasa nenda zako, na mlango uurudishe. Mtu hasimamiwi chooni."