Haidrojeni Kati ya Almasi Mbili

Soipan aliinamisha kichwa, babake akamgusa utosini kwa mkono uliokonda. Vumbi la machimbo ya mawe ya Kitengela lilikuwa limemla mzee mapafu, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. Kabla hajaaga dunia, Mzee Parsaoti alitaka jambo moja tu: kuelewa bintiye anasomea nini chuo kikuu.

"Haidrojeni, Baba. Ni gesi nyepesi kuliko zote. Tunaibana kati ya almasi mbili, kwa nguvu inayoshinda ile ya katikati ya dunia, tukingoja igeuke metali."

"Yaani unashika almasi na hujaniletea hata moja?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Alipotulia akauliza, "Na mkiiachilia? Inabaki metali, ama inarudi kuwa hewa?"

Soipan alitamani sana kumwambia kwamba inabaki.

"Hakuna anayejua bado, Baba."

"Hata mwalimu wako?"

"Hata yeye."

Mzee akafumba macho. "Basi siku mtakayojua, uje uniambie. Utanipata Kajiado, nyuma ya zizi, pale nilipowaonyesha vijana wachimbe kaburi langu."

"Nitakuja, Baba," Soipan akaitikia.