Sweta za Shosho

Mama mkwe wangu haamini kipimajoto, anaamini sweta. Alikuja kwetu Kayole kutoka Murang'a mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, na mfuko mzima wa sweta alizofuma mwenyewe. Zote zilikuwa za binti yangu Tiffany, wa miaka miwili, ambaye jina lake la ubatizo ni Teresiah, sawa na la nyanya yake huyu, ambaye sote tunamwita Shosho. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi Shosho humwona mtoto huyo ni yeye mwenyewe aliyerudi duniani, na mimi ni yaya tu.

Asubuhi hiyo Tiffany aliamka na homa. Nikampa dawa, nikamvua nguo akabaki na fulana. Niliporudi kutoka kuteka maji nilimkuta mapajani mwa Shosho, amevikwa sweta juu ya sweta, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni, blanketi juu yake. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Shosho, mtoto anachemka. Tumvue kidogo."

"Huoni Teresiah anatetemeka? Baridi ikiingia kifuani haitoki, Mama Tiffany."

Kubishana na Shosho kuhusu mtoto mwenye jina lake ni kutafuta laana. Nikameza hasira, nikaenda jikoni kuzigombeza sufuria.

Mara nikamsikia Shosho akiniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nilikimbia. Tiffany alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, mikono inarukaruka. Degedege. Shosho alikuwa na kijiko, anataka kukitia kati ya meno ya mtoto.

"Hapana!" Nilimpokonya kile kijiko. Sikuwa nimewahi kumpigia kelele tangu niolewe. Nikamlaza mtoto ubavu, nikafungua vifungo, nikamvua zile sweta moja baada ya nyingine, kama ninayemenya kitunguu, huku ninalia. Alipotulia nilimbeba nikashuka naye ngazi mbio hadi zahanati, Shosho nyuma yangu bila viatu.

Nesi Kaluki alimpima, akamtibu. Homa inatoka masikioni, alisema, na atapona. Kisha akaivua ile kofia, ambayo kwa haraka nilikuwa nimeisahau kichwani.

"Nani alimfunika mtoto hivi?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Nilikuwa nimeungoja wakati huo kwa hamu, Mungu anisamehe.

"Ni mimi," Shosho akasema. "Kwani mtoto wa homa hafunikwi?"

"Hafunikwi, Shosho. Anaachwa na nguo nyepesi, joto litoke."

Shosho akakaa kwenye benchi. Nesi alipokwenda kuleta dawa, akaniambia polepole, bila kunitazama, "Kabla ya kumzaa mumeo Chege nilikuwa na msichana. Alishikwa na homa. Wakaniambia ni baridi iliyomwua. Na nilikuwa nimemfunika blanketi zote za nyumba."

Hasira yangu yote iliniisha papo hapo. Nikaona huruma, na hofu pia.

"Si wewe, Shosho. Ni ugonjwa."

Sikujua kama ni kweli. Nilisema tu.

Nikamweka Tiffany mapajani mwake, akiwa na fulana yake ile ile. Mtoto akasinzia. Mkono wa Shosho ukaenda, kwa mazoea, kuvuta leso yake imfunike mabega. Ukasita. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushikilia hivyo mpaka nesi akarudi.