Droo ya Wasio na Mahali

Mzee Tindwa amechoka kuzunguka makumbusho, anakaa kwenye benchi, anajiambia afumbe macho kidogo tu, na kabla hajamaliza kujiambia, droo ya ndege waliokaushwa inajifungua mbele yake, ndefu kama barabara, naye yumo ndani anatembea. Huku na huku wamelala ndege, matumbo juu, kila mmoja na kikaratasi chenye maandishi mguuni. Na yeye anacho mguuni, kitupu. Anatokea mtafiti wa koti jeupe, usoni hana macho wala pua, ngozi tupu kama yai. Shikamoo mzee, anasema, ulipatikana wapi? Kwani mimi nimepotea? anauliza Tindwa. Mtafiti anasema, huyu anatuambia msitu ulifika wapi, yule anatuambia mvua zilikuwaje; asiyejulikana alikotoka hatuambii kitu, huyo tunamchoma. Ndege mmoja, hondohondo mwenye mdomo mkubwa, anacheka pale alipolala. Babu, anasema, mimi wananitunza tangu enzi za Mjerumani kwa ajili ya mti mmoja tu wa kule msituni Amani. Wewe umezurura nchi nzima, hata kichaka huna?

Korogwe! anasema Tindwa haraka, nilikata mkonge Korogwe, na droo inageuka Korogwe, nyumba zile zile ila kushoto kumekuwa kulia, na watu wanatoka milangoni wanamkodolea macho. Si wetu huyu, wanasema. Anasema Geita, inakuwa Geita, si wetu huyu. Anasema Lindi, Kondoa, Mbeya, barabara zinajikunja na kujikunjua, milango inafungwa, na joto la moto limeshamfika kisogoni. Mama alinizaa njiani, anapiga kelele, hakuniambia njia gani! Basi tutaliuliza tumbo, anasema mtafiti kwa upole, kisu mkononi, asiyesema, chakula chake cha mwisho humsemea. Ubaridi wa chuma unagusa kitovu. Ngoja mwanangu, analia Tindwa, andika hapa. Hapa wapi? Hapa hapa, makumbusho, ndipo nilipopatikana. Mtafiti anaandika taratibu, anamlaza kati ya ndege, anamnyoosha miguu, na droo inaanza kufungwa.

Mzee, amka, tunafunga. Ni askari wa mlangoni, anamtikisa bega. Tindwa anataka kusimama, miguu haitaki. Askari anacheka, vipi mzee wangu, au tukuache humu humu? Tindwa anautafuta uso wa askari, taa imemkaa kwa nyuma, hauonekani.