Handaki la Walu Bay

Ilisoni alipoingia ofisini amekumbatia furushi la mizizi ya yakona, zawadi ya kuombea jambo, Sereima alijua siku imeshaharibika. Hakuna mtu anayekuletea mizizi mizuri ya kisiwa cha Kadavu asubuhi ya kazi kwa sababu ya kukujulia hali tu.

"Usinitazame hivyo, binamu," alisema Ilisoni. "Nimekuja kwa bosi, sikuja kwako."

"Na hiyo sulu ya kanisani uliyojifunga kiunoni, umemvalia bosi pia? Mkeo anajua?"

"Amenipigia pasi mwenyewe."

Sereima ndiye aliyeangalia kompyuta zote za kampuni hiyo ya vyakula vya jumla, huko Walu Bay, karibu na bandari ya Suva. Nyuma ya ghala la mchele ilikaa seva kuukuu yenye kila kitu: bidhaa zilizopo, maagizo ya maduka, mishahara ya watu. Ilisoni na wenzake wanne walikuwa wanatengeneza programu mpya ya maduka ya visiwani, wakifanyia kazi kwenye mitambo ya kukodi iliyoko Sydney. Ili pande hizo mbili zionane, Sereima alijenga handaki, njia ya siri ya kupitia mtandaoni. Ndani ya ghala aliweka kompyuta ndogo iliyopiga hodi nje yenyewe, hivyo hapakuwa na mlango wowote uliotobolewa kwenye ukuta wa mtandao. Mwenye kupita alihitaji ufunguo wake wa siri, na akifika aliona bidhaa tu, si mishahara. Kazi hiyo ilimmaliza. Macho yalikuwa mekundu, mgongo ulimuuma, na bado handaki lilikatika kila mara.

Alasiri hiyo wakurugenzi wangekuja kuitazama programu. Isipoonyesha bidhaa halisi zilizomo ghalani, mkataba wa Ilisoni ungevunjwa, na wote watano wangerudi nyumbani.

Bwana Etuate, bosi wao, aliipokea mizizi kama inavyopokelewa, kwa maneno ya heshima na kupiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa. Ndipo akauliza haja, ingawa kwa desturi aliyepokea mizizi huwa ameshakubali.

"Tunaomba ukuta ufunguliwe mlango, moja kwa moja hadi kwenye seva," alisema Ilisoni. "Siku mbili tu, bwana. Hilo handaki limetushinda."

Bwana Etuate alimgeukia Sereima. "Nimeshapokea," alisema kwa sauti ndogo.

"Umepokea kabla hujasikia."

"Ulitaka nimwache mtoto wa watu amekaa chini na mizizi yake mikononi?"

Sereima alihisi uchovu ukimpanda kutoka nyayoni. Mlango ule ungeonekana na dunia nzima, na wezi wasingekuja na furushi la mizizi. Mishahara ikitoweka, yeye ndiye angeulizwa. Lakini kukataa kilichokwisha kupokelewa kungekuwa kumvua nguo bosi wake na ndugu yake kwa pamoja.

"Haya," alisema. "Na mimi nina ombi kwako, binamu."

Ilisoni alijikuna shingo. Ombi la ndugu halikataliwi, naye alilijua hilo kuliko wote. "Sema."

"Wapigie wenzako simu. Weka spika. Waingie handakini nikisikia."

Simu ilijaa kelele.

"Nimeingia!" alipaza sauti Mereoni, mmoja wa wale wanne.

"Basi mimi nimetupwa nje," alisema Kitione. "Toka kidogo, dada, nimalizie."

"Subiri zamu yako, mlafi wewe!"

Sereima alifumba macho. "Ilisoni. Mna funguo ngapi?"

"Ule ulionipa."

"Nilikupa wewe peke yako. Nikakuandikia kwamba kila mtu aombe wake."

"Nikaona ni roho ya uchoyo tu hiyo. Nile peke yangu, wenzangu wananikodolea macho?"

Kumbe handaki lilikuwa zima. Sereima mwenyewe alilipanga hivyo: ufunguo mmoja ukiingizwa mara ya pili, aliyetangulia hutolewa, ili ukiibwa ijulikane. Watu watano walikuwa wanatoana.

Aliufuta ufunguo ule. Wale wa simuni wakapiga mayowe. Kisha akamwita kila mmoja kwa jina, akamhakiki na kumpa wake, huku Ilisoni akijirudi kwa Bwana Etuate na kuliondoa ombi lake kwa adabu. Bosi alishusha pumzi.

Alasiri wakurugenzi walisimama mbele ya skrini. Hesabu ya magunia ya unga ilipungua machoni pao kadiri wapakiaji walivyoyapeleka melini. Handaki halikukatika. Mkataba ukabaki.

Wageni walipoondoka, Ilisoni alisimama mlangoni. Sereima alikuwa amelaza kichwa mezani.

"Binamu. Shemeji yangu anaanza kazi Jumatatu. Nimwazime ufunguo wangu kwa muda tu?"

"Aje mwenyewe," alisema Sereima bila kuinua kichwa. "Na kitambulisho chake."

"Una roho ngumu, wewe mwanamke."

"Ninayo."

Ilisoni hakuondoka. Sereima aliinuka polepole, akaivuta kibodi karibu ili aandae ufunguo mpya. "Anaitwa nani huyo shemeji?"